Daktari wa misuli yuko wapi? Maswali ninayoulizwa kila wiki

Nafanya kazi hospitali ya wilaya. Wiki haipiti sijaulizwa maswali haya: na wazazi kwenye benchi la OPD, yaani wagonjwa wa nje, na wanafunzi wa udaktari wanaokuja kwetu kwa mafunzo, na wajomba kwenye vikao vya harusi ambao wakishajua kazi yako wanavuta kiti karibu. Mengine ni ya ajira, mengine ya wanafunzi wanaochoka, mengine ya watoto ambao miguu inawaisha nguvu taratibu. Nimeyaweka pamoja kwa makusudi. Ukisoma hadi swali la tatu utaona sababu.

Mbona mnalia madaktari hawatoshi, na mtaani wapo wenye digrii hawana kazi?

Yote mawili ni kweli. Neno "upungufu" hubadilika maana kulingana na anayelitamka. Mgonjwa anahesabu foleni. Mganga Mfawidhi anahesabu ikama: karatasi inasema awe na watumishi idadi fulani, yeye anao nusu. Hazina inahesabu mishahara, na kwa hesabu yake nafasi isiyo na kibali cha ajira haipo kabisa. Kijana aliyemaliza utarajali, ule mwaka wa mafunzo ya kazi hospitalini baada ya digrii, anaangukia kwenye ufa ulio kati ya ikama na kibali, anakaa humo mwaka, miwili, mitatu, akishikiza kwenye duka la dawa au zahanati binafsi.

Kisa cha mwaka 2017 kinaonyesha ufa huo vizuri kuliko maelezo yangu. Juni 2016 ajira mpya serikalini zilisimamishwa kupisha uhakiki wa watumishi hewa na vyeti. Machi 2017 Kenya, iliyokuwa imetoka kwenye mgomo wa madaktari wa siku 100, ikaiomba Tanzania madaktari 500, na Rais Magufuli akakubali. Fikiria: nchi isiyo na madaktari wa kutosha inaweza kuazima 500 kwa jirani bila kung'oa hata mmoja wodini, kwa sababu walikuwa nyumbani. Madaktari wa Kenya wakaenda mahakamani, mpango ukazuiwa, na Aprili serikali ikatangaza kuwaajiri hapa hapa madaktari 258 waliokuwa wameshaomba kwenda Kenya. Uhitaji wa vituo vya afya ulikuwa ule ule Machi na ule ule Aprili. Kilichobadilika ni kibali.

Kwa kipimo cha dunia, WHO mwaka 2016 ilitaja madaktari, wauguzi na wakunga 4.45 kwa kila watu 1,000 kama kiwango cha kulenga. Tanzania haifiki hata nusu yake.

Nani anapanga kwamba wilaya fulani inahitaji madaktari wangapi, na anahesabuje?

Zamani ilikuwa ni kwa aina ya kituo: zahanati iwe na hawa, kituo cha afya hawa, hospitali ya wilaya hawa. Ni rahisi, lakini zahanati ya mjini yenye foleni ya kufika barabarani na ile ya kijijini inayoona watu 8 kwa siku zinapewa watumishi sawasawa. Njia nyingine, inayotumika na WHO na iliyofanyiwa kazi hapa Tanzania pia, inaanzia kwenye wingi wa kazi.

Mfano wa namba za kubuni, ili uone inavyokwenda. Mwaka una siku za kazi 260. Toa likizo, sikukuu, semina na siku za kuugua, tuseme zinabaki 215. Kwa saa 8 kwa siku, daktari mmoja anayo saa 1,720 kwa mwaka. Kama OPD inaona wagonjwa 20,000 kwa mwaka na kila mmoja apewe dakika 15, hizo ni saa 5,000. Gawa: unahitaji madaktari watatu kwa OPD peke yake, kabla hujagusa wodi, upasuaji wala zamu ya usiku.

Sasa angalia ile dakika 15. Inamtosha mwenye malaria. Mtoto anayeanguka anguka haimtoshi. Huyo unatakiwa umvue viatu, umwone anavyotembea koridoni, umlaze sakafuni na kumwambia ainuke, umuulize mama kuhusu wajomba zake mtoto. Ni dakika 45 ukiwa na haraka. Hesabu haimjui mtoto huyo, hivyo daktari naye anajifunza kutomwona. Anaandika "upungufu wa kalsiamu", anampa vidonge, anaita mwingine.

Kumpata daktari bingwa wa mishipa ya fahamu huchukua miaka mingapi?

Miaka 5 ya shahada. Mwaka 1 wa utarajali. Miaka 3 hivi ya ubingwa wa magonjwa ya ndani au ya watoto. Miaka 2 au 3 mingine ya ubobezi. Ukijumlisha ni 11 au 12, kama mtu hakusubiri popote. Lakini anasubiri: ajira, ruhusa ya mwajiri, ufadhili. Weka 14.

Mtoto wa kiume anayezaliwa leo na Duchenne, ugonjwa unaoharibu misuli taratibu, asipopata matibabu, kwa kawaida anaacha kutembea akikaribia miaka 12. Kijana anayeripoti chuo leo mwaka wa kwanza, begi mgongoni, atakuwa daktari anayefaa kumwona mtoto yule wakati ambapo tayari yuko kwenye kiti cha magurudumu. Saa hizo mbili zimeanza kuhesabu siku moja. Kupanga nguvukazi ya madaktari ni kuziangalia zote mbili kwa pamoja, na bajeti ya mwaka mmoja mmoja haiwezi kufanya hivyo.

Makosa ya nyuma nayo yanaendelea kulipwa. Miaka ya 1990, chini ya masharti ya kubana matumizi, serikali ilifunga ajira kwa muda mrefu. Walioachwa nje wakati ule ndio wangekuwa walimu wa mabingwa leo. Ukiingia idara nyingi utawakuta wazee wanaokaribia kustaafu na vijana wengi, katikati kuna pengo. Tusisahau tulikoanzia: Tanganyika ilipata uhuru mwaka 1961 ikiwa na madaktari wazalendo wanaotajwa kuwa 12, na chuo cha udaktari Dar es Salaam kikaanza mwaka 1963. Kilichozaliwa pale leo kinaitwa MUHAS.

Atlasi ya WHO ya mwaka 2017 ilikadiria wataalamu wa mishipa ya fahamu, pamoja na wapasuaji wa ubongo na wale wa watoto, kuwa 0.1 kwa kila watu 100,000 katika nchi za kipato cha chini. Nchi tajiri walikuwa 7.1.

Haya magonjwa ya neva na misuli ni yapi hasa?

Ni kundi kubwa. Ili mkono uinuke, chembe ya neva kwenye uti wa mgongo inapeleka ujumbe kupitia uzi mrefu, ujumbe unaruka kwenye kiungio kati ya neva na msuli, kisha msuli unajikaza. Ugonjwa unaweza kukaa popote kwenye njia hiyo. Ukikaa kwenye chembe yenyewe unapata ALS ya watu wazima, aliyougua Stephen Hawking, au SMA ya watoto wachanga. Kwenye uzi wa neva ndiko ilipo Guillain-Barré. Kwenye kiungio ni miasthenia. Kwenye msuli ni Duchenne na ndugu zake.

Moja la dharura kabla sijaendelea: mtoto wa chini ya miaka 15 akilegea mguu au mkono ghafla, ndani ya siku chache, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Sampuli mbili za kinyesi hutakiwa ndani ya siku 14 tangu alegee ili kuondoa shaka ya polio. Na kama ni Guillain-Barré, misuli ya kupumua inaweza kufuata miguu.

Mwanangu wa miaka 5 anaanguka ovyo na hawezi kukimbia na wenzake. Wanasema mvivu. Nitajuaje?

Mkalishe sakafuni bila kumpa msaada, mwambie asimame, wewe tazama tu. Mtoto mwenye misuli mizima anaruka kama panzi. Mwenye Duchenne anageuka kwanza kifudifudi, anainua makalio, kisha anashika magoti, halafu mapaja, mkono juu ya mkono, anajipanda mwenyewe kama mtu anayekwea mnazi. William Gowers, daktari wa London, aliieleza alama hii mwaka 1879 na bado haijapata mpinzani. Haihitaji umeme.

Tazama na mashavu ya miguu. Yanakuwa manene na magumu, na mzazi anafurahi kwamba mtoto atakuwa mchezaji mpira. Unene ule ni mafuta na makovu yaliyochukua nafasi ya msuli. Wengine hutembea kwa vidole, kiuno kimebinuka mbele.

Kipimo cha kwanza ni CK, kimeng'enya kinachovuja msuli unapoharibika. Kwa Duchenne hupanda mara kumi hadi mara mia ya kiwango cha kawaida. Hapa kuna mtego ambao nimeuona kwa macho yangu. Vimeng'enya vya AST na ALT, tunavyoviita "vipimo vya ini", vimo pia ndani ya msuli. Niliwahi kuletewa mtoto mwenye faili nene kama Biblia: miezi minane ya kutafutwa ugonjwa wa ini, homa ya ini imepimwa mara tatu, ultrasaundi mbili, mama kauza mbuzi. Ini zima. Hakuna aliyemwambia asimame kutoka sakafuni. Nilipomwambia, akapanda mapaja yake mbele yangu, kisha akacheka kwa sababu alidhani ni mchezo. Mama yake hakucheka. Akaniuliza, "Dokta, kwa hiyo hiyo ndiyo yenyewe? Mbona hivyo ndivyo anavyoinuka siku zote?"

Simlaumu daktari aliyetangulia. Rudi kwenye dakika 15.

Kosa ni la nani? Ndugu wa mume wanasema ukoo wetu una mkosi.

Si la mtu. Jeni ya distrofini, ile inayoharibika kwenye Duchenne, iko kwenye kromosomu ya X, ndiyo maana wanaougua karibu wote ni wavulana na mama anaweza kuibeba bila kujua. Lakini karibu theluthi moja ya watoto hawakurithi kwa mama: badiliko limetokea jipya. Jeni hiyo ni miongoni mwa ndefu kuliko zote mwilini, ina herufi zaidi ya milioni 2, na kitabu kirefu namna hiyo kikinakiliwa, makosa yatatokea. Naomba shemeji mwenye maneno asome aya hii mara mbili. Akiugua mmoja, dada zake mama wanastahili ushauri kabla ya kuzaa, kwa upole, bila kuitisha baraza la ukoo.

Dawa ipo?

Ya kuponya Duchenne, hapana. Ya kusogeza mbele, ndiyo, na ni ya bei nafuu: prednisoloni, ambayo ipo kila wilaya, huongeza takriban miaka miwili hadi mitatu ya kutembea. Ina gharama zake mwilini: uso kuvimba, uzito, mifupa kudhoofika. Na isikatishwe ghafla hata siku moja kwa sababu dawa imekwisha au mchungaji kasema imetosha. Ongeza mazoezi ya kunyoosha vifundo kila siku, kupimwa moyo hata kama halalamiki, na chanjo. Kama atafanyiwa upasuaji wowote, hata tohara ya usingizi, mtoa usingizi aambiwe mapema, kwani zipo dawa za kulegeza misuli, suksametoniamu hasa, zinazoweza kusimamisha moyo wa mtoto huyu pale pale mezani.

Utafiti wenyewe umekwenda mbali. Jeni ya Duchenne na protini yake vilijulikana mwaka 1987. Kwa SMA, jeni ilitambuliwa mwaka 1995, na Desemba 2016 Marekani iliidhinisha nusinersen, sindano ya uti wa mgongo. Mwaka 2019 ikaja tiba ya jeni ya mara moja, 2020 dawa ya kunywa. Watoto ambao zamani wasingefika miaka miwili sasa wapo wanaokaa, na waliotibiwa kabla ya dalili wanatembea. Mtu akikuambia sayansi haina maana, mwonyeshe hao.

Bei ndiyo inayokata maini. Tiba ya jeni ya SMA ilitangazwa kwa dola milioni 2.125 kwa mtoto mmoja. Ile ya Duchenne iliyoidhinishwa Marekani Juni 2023 ilitangazwa kwa dola milioni 3.2, na mwaka 2025 ikaingia matatani baada ya wagonjwa kufariki kwa ini kushindwa. Kwa hiyo anayekuomba uchange pesa za kumpeleka mtoto nje "akawekewe jeni", muulize kwanza ni badiliko gani la jeni limeonekana kwenye kipimo, na daktari gani amethibitisha tiba hiyo inamfaa. Mara nyingi kipimo chenyewe hakijafanyika.

Kope zangu zinashuka jioni na chakula kinanikwama. Nimeambiwa ni uchovu.

Inawezekana ni miasthenia, na huu katika kundi zima ndio ningependa kila mwanafunzi aujue kwanza, maana unatibika kwa dawa za kawaida. Dalili yake ni kuchoka kwa matumizi: asubuhi mzima, jioni kope zimeshuka, unaona viwili viwili, sauti inatokea puani. Weka barafu iliyofungwa kitambaa juu ya kope dakika mbili. Ikiinuka, una jambo la kumwambia daktari. Mwaka 1934 Mary Walker, daktari wa hospitali ya Greenwich, alimdunga mgonjwa dawa ya jamii hiyo hiyo tunayotumia hadi leo na kope zikafunguka. Piridostigmini imo kwenye orodha ya WHO ya dawa muhimu. Kuipata famasi ya wilayani ni shughuli nyingine.

Ukithibitishwa, tembea na karatasi yenye majina ya dawa za kuogopa: gentamisini, siprofloksasini, kwinini, na magnesiamu salfeti wanayopewa wajawazito wenye kifafa cha mimba. Zote zimo kwenye kabati letu na hutolewa kila siku. Zinaweza kukuzimia pumzi. Onyesha karatasi hiyo hata kama muuguzi atakunja uso.

Utafiti wa magonjwa haya umewahi kufanyika kwetu, au sisi ni wa kusubiri tu?

Umefanyika, na mmoja umeingia kwenye vitabu vya dunia. Mwaka 1985, wakati wa ukame, watu wilayani Tarime, mkoa wa Mara, walianza kukakamaa miguu ghafla. Watoto na wanawake hasa. Wanalala wazima, wanaamka hawawezi kunyoosha hatua, na haiponi. Ugonjwa uliwahi kuelezwa mwaka 1938 huko Kwango, Kongo, na jina lake, konzo, limetoka kwa Wayaka wa huko, likimaanisha miguu iliyofungwa. Msumbiji mwaka 1981 ulikwisha kupiga watu zaidi ya 1,000.

Watafiti walikwenda nyumba kwa nyumba Tarime na mwaka 1990 wakachapisha wagonjwa 39. Chanzo kilikuwa jikoni. Mihogo michungu ina sumu inayozaa sianidi. Wakati wa kawaida kina mama huivundika au kuianika siku nyingi. Njaa ikibana, hakuna wa kusubiri: inatwangwa, inaanikwa, inatwangwa tena, na ugali unaliwa siku hiyo hiyo. Kusini njia hiyo ya mkato inaitwa chinyanya, na haishangazi kwamba Mtwara na Mbinga nako konzo ilijitokeza mwanzoni mwa miaka ya 2000. Mwili huiondoa sianidi kwa kutumia salfa inayotokana na protini, kwa hiyo anayekula mihogo bila dagaa wala maharage ndiye anayeumia.

Kwa msomi wa darasani, konzo iko juu kidogo ya njia niliyoieleza, kwenye neva zinazotoka ubongoni, hivyo wengine wangeitoa kwenye kundi. Mimi naiacha humu. Mgonjwa anayeburuta miguu hachagui ukurasa. Na kinga yake iligeuka kuwa kitu cha maji na jua: lowesha unga, utandaze tabaka jembamba, uache saa mbili juani au saa tano kivulini, gesi yenye sumu iondoke, ndipo usonge ugali. Hakuna dawa ya dola milioni 3 hapo.

Upande wa jeni, tumebaki nyuma na kuna hasara. Data nyingi zimetoka kwa watu wenye asili ya Ulaya. Utafiti wa SMA huko Mali ulionyesha kwamba wabebaji wa jeni yenye hitilafu ni wachache kuliko Ulaya. Maana yake huwezi kuchukua takwimu za London ukazibandika Tabora. Mtandao wa watafiti unaoongozwa kutoka chuo kikuu cha UCL, London, umeziunganisha Zambia na Afrika Kusini na nchi nyingine katika kukusanya familia zenye magonjwa haya. Lusaka si mbali, TAZARA inafika karibu.

Nina mtoto anasoma udaktari. Zamani alikuwa mchangamfu, sasa hapokei simu. Ni masomo tu?

Huenda ni masomo, huenda si masomo. Uchambuzi mkubwa uliochapishwa mwaka 2016, ukijumlisha wanafunzi wa udaktari zaidi ya 120,000 katika nchi 43, ulikuta asilimia 27.2 wana sonona au dalili zake, na asilimia 11.1 walikuwa na mawazo ya kujiua. Kati ya walioonekana na sonona ni asilimia 15.7 tu waliotafuta matibabu. Wanafundishwa kuitambua kwa wengine.

Usianze na "matokeo vipi?" Anza na "umekula nini leo?" Swali hilo lina majibu mengi. Bumu, pesa ya mkopo wa chuo, limechelewa, chumba wanalala wanne, ana sapu mbili, mitihani ya kurudia, na anaogopa kudisko, yaani kuondolewa chuo, na nyumbani mmeshamwita "dokta" tangu mwaka wa kwanza kiasi kwamba hana pa kushukia. Akisema amechoka kuishi, au anagawa vitu vyake, usingoje wikiendi. Nenda, kaa naye, mfikishe hospitali.

Kwani kinachowavunja ni nini? Sisi tulisoma kwa shida na hatukuvunjika.

Mlivunjika, ila hamkuhesabiwa.

Darasa letu lilikuwa na mmoja aliyeshika nyundo ya kupimia magoti vizuri kuliko sisi sote. Unajua mtu akiigonga ovyo, mguu hauruki. Yeye aliiachia ianguke kwa uzito wake, kama mpiga ngoma mzee, na kila goti lilimjibu. Mwalimu alimwita "bwana mishipa". Mwaka wa nne, wakati wa raundi, mtoto tuliyekuwa tunamfuatilia alifariki usiku, na asubuhi bingwa mmoja akamsimamisha mbele ya kitanda kitupu, wanafunzi kumi na wanane na wauguzi wanatazama, akamuuliza kwa nini hakuandika kiwango cha potasiamu. Kipimo kilikuwa kimeharibika wiki nzima. Hakujibu. Akapata sapu, akakariri mwaka, akaacha kuja wodini, kisha akaacha chuo. Sasa ana duka la vipuri vya pikipiki, na kwa kweli anaendelea vizuri kuliko mimi. Nikimtembelea ananiuliza habari za wagonjwa wangu.

Huyo hayumo kwenye takwimu yoyote ya upungufu. Kwenye ikama hakuna safu ya mabingwa walioondoka kabla ya kuwa mabingwa. Ndiyo maana nikisikia afya ya akili ya wanafunzi inajadiliwa kama jambo la keki na michezo ya Ijumaa, nakereka. Mwanafunzi anahitaji alale, ale, na asidhalilishwe mbele ya maiti. Azimio la Geneva, kiapo cha kisasa cha madaktari, liliongezwa sentensi mwaka 2017 kwamba daktari atatunza afya yake mwenyewe ili aweze kutibu vema. Wanafunzi wanaikariri siku ya mahafali, baada ya miaka mitano ya kufundishwa kinyume chake.

Nikimwona mshauri nasaha, si watanifutia usajili baadaye?

Kutibiwa sonona si kosa la kitaaluma, na mazungumzo yako na mtaalamu ni siri kama ya mgonjwa yeyote. Kinachoweza kukuletea matatizo ni kutotibiwa hadi ukamdhuru mgonjwa au wewe mwenyewe. Kama unaona haya kutibiwa hospitali unayofanyia raundi, na ninaelewa kabisa, nenda nyingine.

Saa za watarajali zina kikomo?

Marekani waliweka kikomo cha saa 80 kwa wiki kwa madaktari walio mafunzoni mwaka 2003, na hata hizo 80 ni nyingi. Kwetu, mtarajali anaweza kuingia Jumamosi asubuhi akatoka Jumatatu jioni, akiwa ndiye aliyesaini fomu ya damu saa tisa usiku. Mpangaji anamhesabu kama mwanafunzi wakati wa kumlipa, na kama daktari wakati wa kugawa zamu.

Kenya jambo hili lililipuka waziwazi. Mgomo wa 2024, uliodumu siku 56 hadi Mei 8, ulichochewa kwa sehemu kubwa na watarajali: kucheleweshwa kupangiwa vituo, na serikali kutaka kuwalipa Sh 70,000 za Kenya kwa mwezi badala ya 206,000 zilizokuwa kwenye makubaliano ya 2017.

Wanaokwenda Ulaya ni wasaliti?

Hapana. WHO ina kanuni ya mwaka 2010 kuhusu kuajiri watumishi wa afya wa nchi nyingine, na Tanzania imo kwenye orodha ya 2023 ya nchi 55 ambazo nchi tajiri zisiende kuzikomba watumishi. Kanuni hiyo inawabana waajiri. Daktari mmoja mmoja ana haki ya kuondoka. Ila msiende mkidhani kule mambo ni shwari. Uingereza mwaka 2025 waombaji zaidi ya 30,000 waligombea nafasi kama 10,000 za mafunzo ya ubingwa, huku wagonjwa wakilalamikia foleni. Ufa ule ule wa ikama na kibali, hali ya hewa tu ndiyo tofauti.

Niko mwaka wa tatu na nataka kuwa daktari wa mishipa ya fahamu. Nianzie wapi?

Nunua nyundo yako. Ya kuazima haikujui. Piga magoti ya watu wazima wenye afya, wa chumbani kwenu, mia moja, ili siku ukikutana na goti lisilojibu mkono ushtuke kabla ya kichwa. Kila mtoto unayemchukulia historia, hata kaja kwa kikohozi, mwambie ainuke kutoka sakafuni. Ni sekunde tano. Anzisha daftari: umri, wilaya, CK kama ipo, wajomba wagonjwa kama wapo, bila jina. Ukienda mafunzo ya vijijini uliza watu wanasindikaje mihogo. Na lala. Daftari la mtu asiyelala halisomeki.

Yule mtoto mwenye faili nene ana miaka 9 sasa. Anakunywa prednisoloni yake na bado anapanda ngazi za OPD, kwa mkono mmoja kwenye ukuta. Kliniki yake ni Alhamisi ya kwanza ya mwezi. Ukiwa karibu, njoo na nyundo.